Umeme Uliporudi

Februari 11

Mama,

Shikamoo. Sisi watatu hatujambo, na tunaomba barua hii ikukute mbele ya cherehani yako, mgongo umetulia na wateja hawajaanza kukudai nguo zao. Mwanao anakusalimu. Ameingia zamu ya asubuhi kiwanda cha sabuni, ndiyo maana kalamu ninayo mimi mkweo. Chiriku naye amenipa salamu ndefu, nikiziandika zote karatasi itaisha kabla sijafika kwenye habari. Kwa ufupi: ana jino linalotikisika, amepata rafiki mpya, na anataka kujua kama kuku wako wanamkumbuka.

Habari yenyewe ni kwamba tumehama. Tumepata vyumba viwili na kibaraza nyuma ya eneo la viwanda, karibu na karakana kiasi kwamba nikipiga mluzi mke wangu anasikia. Mama, hapa kazi inanifuata yenyewe. Unaijua kazi yangu ya kuchonga kalibu, vile vyuma vya kumiminia plastiki ya moto itoke chupa au kifuniko. Kule tulikokuwa nilikuwa nikizunguka kutafuta wateja kama mgonjwa wa kichaa. Hapa kiwanda cha ndoo kiko ng'ambo ya barabara, cha chupa kiko ubavuni, cha ndala kiko nyuma, na mwenye tanuri la vyuma chakavu ndiye anayetuuzia chuma. Kitu kikivunjika, mtu anavuka barabara na toroli, "Fundi, nakufa, niokoe." Kila anayejenga hapa anajenga kwa sababu wenzake wapo, na mimi nimo katikati yao kama kitovu.

Moshi upo, sikufichi. Mashuka yakianikwa meupe yanaanuliwa na madoa. Chiriku ana kikohozi kidogo cha mafua. Watoto wote wa mtaa huu wanacho.

Mkweo,
Baba Chiriku


Machi 6

Baba Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Barua imenikuta kwenye cherehani kweli, ila mgongo unauma na wateja wananidai, kwa hiyo dua yako imepita pembeni. Huku mvua zimeanza vizuri. Mwambie Chiriku kuku wake anamkumbuka. Yule mwingine usimtaje, tulimla.

Hongera kwa nyumba. Sasa nikuulize mambo mawili. Kikohozi cha mafua siku hizi kinakaa muda gani? Maana barua yako imetembea karibu wiki tatu, na nimeota mtoto bado anakohoa. La pili, ni zamu gani hiyo isiyomwachia mtu nafasi ya kumwandikia mama yake hata mistari miwili? Mwanangu akiwa na furaha huniandikia kurasa mpaka nachoka kusoma. Akinyamaza ninamjua.

Shati lako la bluu nimelibadilisha kola. Nitalituma nikipata mtu.

Mama yenu


Mei 19

Mama,

Shikamoo. Shati limefika na linanikaa kama nimepimwa jana. Asante sana. Jino la Chiriku limetoka, kalitupa juu ya paa. Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeianza na kuichana, nikaianza tena.

Umeuliza kwa nini mwanao haandiki. Hawezi, kwa sababu hajui kukudanganya.

Kikohozi cha Chiriku ni pumu, Mama. Wamemwandikia dawa ya kuvuta mdomoni, na inamsaidia kwa siku kadhaa kisha tunarudi kule kule. Pale zahanati muuguzi alimwekea chombo cha kusikilizia kifuani, akasikiliza, akaniuliza bila kuinua macho, "Viwandani?" Nikasema ndiyo. "Mtaa wa mbele au wa nyuma?" Nikasema wa nyuma. Akasema, "Basi kaa na majirani zako, foleni yote hii ni ya nyuma."

Unajua Chiriku alivyo akianza kusimulia, msemaji kama jina lake. Sasa anasema maneno matatu, anavuta pumzi, anasema mawili. Juzi alianza kunihadithia jinsi mwalimu wao alivyoteleza mbele ya darasa akaanguka na chaki zote. Alipofika katikati akasimama, akaniangalia, akasema, "Baba, nitakumalizia kesho." Kesho yake hakumalizia.

Watu wa mtaa tulilalamika, wakaja watu wa mazingira na mashine zao. Wakatuita uwanja wa shule. Bwana mkubwa wao akasema wamepima dohani moja moja, na hakuna kiwanda hata kimoja kilichopita kiwango kinachoruhusiwa. Jirani yetu msusi akanyoosha mkono.

"Samahani, baba. Mwanangu anavuta wa kipi?"

"Sijakuelewa, mama."

"Huo moshi. Anavuta wa ndoo, wa sabuni au wa vyuma? Nikijua nimkataze asivute wa vingine."

Watu wakaangua kicheko, na yule bwana naye akacheka, akasema swali zuri, watalifikisha. Mkutano ukaisha. Mpaka leo nalifikiria lile swali. Kila kimoja kimepewa kipimo chake, lakini hewa tuliyonayo ni moja tu.

Mkweo


Mei 30

Baba Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Salamu nyingine tutapeana baadaye.

Nileteeni mtoto. Sisemi mmeshindwa kulea, wala sisemi nyumba yenu mbaya. Nasema huku tuna hewa ya bure na kitanda kipo. Na wewe mwenyewe hama. Fundi ni fundi popote, nani asiyehitaji fundi?

Usinijibu habari za shati.

Mama


Juni 27

Mama,

Shikamoo. Barua hii inaletwa na mwanao mwenyewe, na aliyemshika mkono ni Chiriku. Naomba uwapokee. Mke wangu ameomba ruhusa kazini, wamempa kwa shingo upande. Ni kwa muda tu.

Naomba pia usimuulize mke wangu kilichotokea shuleni wiki iliyopita, Chiriku alipoishiwa pumzi darasani. Akianza kukusimulia atalia mbele ya mtoto, na mtoto akilia kifua kinabana.

Umesema fundi ni fundi popote. Nilidhani hivyo hivyo. Mwanzoni mwa mwezi huu nilikwenda ule mji mdogo wa njia panda, nikapanga kibanda, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba nachonga kalibu za kila aina. Watu waliniletea vitasa na sufuria za kuziba. Mzee mmoja aliniuliza kalibu ni dawa ya nini. Hawana kosa. Chupa hazitengenezwi pale, sasa kalibu ya chupa wataifanyia nini? Kazi yangu haiishi peke yake, Mama. Inakaa pale walipokaa wenye kuihitaji, na wao wamekaa wote mahali pamoja. Nilirudi nimekonda, na huku nyuma mtoto alikuwa amezidiwa mimi sipo.

Dawa ya kuvuta iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Anapenda kulala upande wa ukuta.

Mkweo


Agosti 14

Baba Chiriku,

Salamu kutoka nyumba yenye kelele. Mimi nilizoea kusikia cherehani tu, sasa cherehani yenyewe siisikii. Mtoto anaongea akila, anaongea akioga, juzi kaongea usingizini na mimi nikamjibu.

Wiki mbili za mwanzo alikuwa akipanda ngazi za nyumba anapumzika katikati kama bibi mimi. Sasa anazipanda mbio, na ile dawa yake ya kuvuta hatujaigusa tangu mwezi ulipoandama. Jana alitusimulia habari ya mwalimu aliyeteleza. Alifika mwisho. Imechukua muda mrefu kuliko kuteleza kwenyewe, lakini alifika mwisho, na mwanangu akainuka akaenda nyuma ya nyumba akakaa huko kitambo.

Mwanangu ananisaidia kushona vifungo. Cha juu anakishona chini. Jioni anakaa kizingitini anaangalia barabara, nikimwita anaitika kana kwamba wewe ndiye uliyemwita. Simwambii abaki na simwambii aondoke. Ni mkeo.

Wewe unakula nini? Usiniambie unakula vizuri, niambie unakula nini.

Mama


Septemba 22

Mama,

Shikamoo, shikamoo tena! Nakula chai na mkate, na jana nimekula kwa msusi, kanihurumia.

Nina habari njema. Transfoma kubwa inayolisha eneo zima la viwanda imeungua. Wote wako kwenye laini moja, kwa hiyo wamezimika wote kwa pigo moja, na mpya inatoka ng'ambo kwa meli. Karakana imefungwa. Mwanzoni tulikaa vibarazani tumeshika tama, hatujui tutaishije. Kisha, Mama, hewa ikaanza kubadilika. Siku ya kwanza hatukugundua. Baada ya wiki msusi akatoka nje akapiga kelele, tukadhani ameona nyoka. Alikuwa ameona milima. Kuna milima huku! Iko pale mwisho wa barabara, ya buluu, yote miwili na mabega yake, na watoto waliozaliwa mtaa huu hawajawahi kuiona. Watu wazima tulisimama barabarani tukioneshana kwa vidole kama wageni.

Nimefua mashuka, yamekauka meupe. Nyayo za masizi hazipo tena kwenye sakafu. Hata mimi nilikuwa nimeanza kukohoa, sasa kimekata.

Na si hilo tu. Wenye viwanda wametangaza kwamba kabla ya kuwasha tena watafunga machujio kwenye dohani zote. Tumeyaona machujio yenyewe kwenye makontena, waandishi wamekuja wameyapiga picha. Nimempakia Chiriku rangi chumba chake, kijani, ile aliyoitaka.

Mruhusu mke wangu aje, Mama. Nyumba imekuwa kubwa mno. Nikipiga mluzi nasikia mwangwi.

Mkweo


Oktoba 10

Baba Chiriku,

Barua yako sikuipenda. Alinisomea mwanangu, na alipofika kwenye milima akarudi akaisoma tena sehemu hiyo.

Nilimuuliza, "Umeme ukirudi?"

Akasema, "Kuna machujio, Mama."

"Umeyaona wewe?"

"Mume wangu ameyaona."

"Kayaona yamefungwa, au kayaona kwenye makontena?"

Akaendelea kukunja nguo. Nimemzaa, naujua ule mkunjo wa nguo. Siwezi kumfungia mtu mzima mlango asiende kwa mumewe, na mtoto naye kila siku Baba, Baba. Wanaondoka Jumamosi. Begi nimelifunga mimi, maana yeye alikuwa anatupia vitu ovyo kwa furaha.

Ninakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu tangu umuoe. Ukisikia mashine ya kwanza imewashwa, kabla hujasikia ya pili, warudishe.

Mama


Novemba 8

Mama,

Shikamoo. Wote tupo. Chiriku alipofika alikimbia kutoka kona mpaka mlangoni bila kusimama, akaingia chumbani kwake akasema kijani siyo yenyewe lakini ataizoea. Tulikwenda mpaka chini ya ile milima, tukala mkate juu ya jiwe. Nilitaka uzijue siku zile.

Umeme umerudi. Wamewasha wote pamoja. Machujio wanayafunga kidogo kidogo, viwanda viwili vitatu vimeshaanza. Chiriku anakohoa kidogo tu, si kama zamani. Oda zote zilizolala zimeamka siku moja na kila mtu anataka kalibu yake leo. Nikizimaliza hizi nitawaleta mwenyewe.

Mkweo


Novemba 19

Usimalize. Walete.

Mama


Januari 25

Mama,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na safari haikumchosha sana mke wangu.

Ulipokuja msibani hukuniuliza kitu. Ulikaa na wanawake, ukanikata jicho mara moja tu, nami nikashukuru kwa kutoulizwa. Lakini tangu mwondoke nimekuwa nikikusimulia peke yangu humu ndani kwa sauti. Afadhali niandike.

Ulikuwa mchana. Barua yako ya maneno mawili ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Niliipata siku iliyotangulia, nikamwambia mke wangu wafunge begi, tutaondoka kesho kutwa, nimebakiza kalibu moja ya kiwanda cha chupa. Nilikuwa kwenye mashine ya kukerezea. Kwa kelele za mashine sikumsikia mke wangu akiniita, mpaka aliponishika bega. Alikuwa pekupeku.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani ameinamia magoti, mabega yanapanda na kushuka. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sitaiandika. Ile dawa ya kuvuta walikuwa wameitumia mpaka ikabaki inatoa upepo mtupu. Nikambeba mgongoni, tukatoka. Barabara ilikuwa imejaa malori kutoka mwanzo mpaka mwisho, yanabeba bidhaa zilizochelewa, hakuna gari lingine lililoweza kupita. Nikapenya katikati yao kwa miguu. Mke wangu alikuwa mbele anapiga mabati ya malori kwa viganja, "Tupisheni! Tupisheni!" Kuna madereva waliopiga honi kutujibu.

Tulipofika karibu na kiwanda cha sabuni Chiriku alisema, "Baba, polepole." Nikapunguza mwendo. Nilidhani namtikisa, naumiza kifua chake. Mama, mpaka sasa sijui kama alikuwa ananiambia mimi, au alikuwa anajiambia mwenyewe aheme polepole kama muuguzi alivyomfundisha. Nilipunguza mwendo. Hakusema tena neno lingine.

Muuguzi alikuwa yule yule. Walimwekea hewa ya mtungi, wakahangaika naye, wakatutoa nje. Baadaye alikuja akakaa benchini katikati yetu, akavua kofia yake. Hakuuliza tunakaa wapi.

Sikuombi kitu. Nimeandika kwa sababu wewe ni bibi yake, na mtu mwingine wa kumwambia sina. Mke wangu anayajua yote, alikuwepo.

Mkweo


Machi 2

Baba Chiriku,

Nitaendelea kukuita hivyo. Jina lingine la kukuita sinalo.

Nimesoma. Nilisoma mwenyewe safari hii, herufi kwa herufi, nikiwa nimefunga mlango. Hukuomba msamaha na mimi sikuutafuta kama ninao. Siwezi kukuambia si kosa lako, na siwezi kukuambia ni lako. Begi lile nililifunga mimi kwa mikono yangu, nikawapungia mpaka basi likapotea. Ningeweza kujifanya naumwa. Mwanangu asingeondoka akiniacha naumwa. Nililifikiria jambo hilo siku ile, nikaona ni aibu mtu mzima kudanganya.

Kuhusu lile neno lake: usilichimbe. Mimi nimekaa naye karibu miezi minne. Kila nilipombeba alisema polepole, hata nilipokuwa nimesimama. Alikuwa anapenda tu kubebwa kwa muda mrefu.

Mkeo yupo. Anakula nikimwambia kula. Ameanza kushona mashati ya watoto wa shule, maana oda ya shule ndiyo iliyoingia, nami sina la kufanya. Anayashona vizuri, kila kifungo mahali pake, na hilo ndilo linalonitisha. Jina lako likitajwa anainuka anakwenda chumba kingine. Si chuki, mwanangu, ningeitambua. Ni kama mtu aliyeungua anavyoukwepa hata mkono unaotaka kumpaka dawa. Usije bado. Nitakapoona ameuliza, hata kwa jicho, nitakuandikia. Inaweza kuwa mwaka huu, inaweza isiwe.

Pale msibani nilikusikia unakohoa. Usibaki hapo.

Mama


Aprili 17

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma ile sehemu ya kubebwa mara nyingi. Sijui kama ni kweli au umenitungia. Nakushukuru kwa vyote viwili.

Sitakuja mpaka uniite. Karakana nimewaachia wenzangu, na mashine ya kukerezea nimemwachia kijana wa kiwanda cha ndoo. Nimepata kibarua cha kupanga mbao kwenye ghala, mbali na huku. Nitakutumia anwani. Viwanda viwili vipya vinajengwa kwenye kile kiwanja cha shule. Shule wameihamishia ndani zaidi, nyuma yetu. Milima haionekani.

Jana nilikabidhi funguo. Wapangaji wapya walifika kabla sijatoa vitu vyangu vya mwisho, kijana na mkewe, na mtoto mchanga amelala begani kwa mama yake, mdomo wazi. Nilimvuta yule kijana kando, nikamwambia yote. Sikuacha kitu. Nilimwambia umri aliokuwa nao Chiriku, nilimwambia habari ya foleni ya zahanati, nilimwambia kuhusu malori. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kwa adabu kabisa.

"Pole sana, kaka," akasema. "Pole mno." Akageuka kutazama dohani. "Lakini kazi nimepata hapo ng'ambo tu. Naanza kesho. Tulikotoka nimekaa mwaka mzima bila kazi."

Mkewe aliniuliza dirisha lipi linapata upepo. Nikamwonesha, nikamwambia asilifungue.

Godoro lao lilikuwa bado nje barabarani na masizi yalikuwa yameanza kutua juu yake. Kijana alijaribu kuliinua peke yake, likamshinda. Nikashika upande wa pili, tukaliingiza ndani.

Mkweo